Gari linanuka kuungua: fundi aanzie wapi?

Harufu ya kuungua katika gari kuukuu hupenda kujitokeza penye mlima, na Kibuli, jijini Kampala, ni mlima. Ijumaa mchana, magari yanapojipanga kutoka Barabara ya Mukwano kupanda kuelekea msikitini, foleni husogea kidogo, ikasimama, ikasogea tena. Toyota ya miaka 20 iliyojaa abiria hufika juu ikiwa imefanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo, bila upepo wa kuipoza. Hapo harufu huanza kutoka kwenye matundu ya dashibodi. Dereva hushusha kioo, abiria husema ni lori la mbele, na safari huendelea.

Pengine kweli ni lori la mbele. Hewa inayoingia ndani ya gari huvutwa kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, nyuma tu ya boneti, na matundu hayo hayachagui: moshi wa jirani na moshi wa injini yenyewe vyote hupita njia moja. Ndiyo maana kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Dereva hubonyeza swichi ya kuzungusha hewa ya ndani ili ya nje isiingie. Harufu ikipungua baada ya dakika moja au mbili, chanzo kiko nje au kwenye injini. Ikizidi, chanzo kiko ndani, mara nyingi chini ya dashibodi, na huko kuna nyaya.

Kipimo hicho hutenganisha matatizo mawili yasiyofanana kabisa, lakini ni wachache wanaofika gereji wakiwa wamekifanya. Wengi hufika na neno moja, "linanuka", harufu ikiwa imekwisha na injini imepoa. Fundi asiyepata kuinusa hubaki kubahatisha, na gharama ya kubahatisha humwangukia mwenye gari: leo plagi, kesho mkanda, keshokutwa rejeta.

> Swali la maana si "inanuka nini?" peke yake, bali "inanuka lini?"

Mpira huzeeka hata gari likiegeshwa

Uganda huendesha upande wa kushoto kama Japani, kwa hiyo magari yaliyotumika huko huingia barabarani hapa bila kubadilishwa chochote upande wa usukani. Ni sehemu ya biashara kubwa. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika ambayo yaliuzwa nje ya nchi duniani kati ya mwaka 2015 na 2018, na Afrika ndiyo iliyopokea sehemu kubwa zaidi.

Mwaka 2018 Uganda ilirekebisha sheria yake ya usalama barabarani na kuzuia kuingizwa kwa gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Kenya, ambako mengi ya magari hayo hushushwa bandarini Mombasa kabla ya kuvuka mpaka, huishia miaka 8 kwa magari yake yenyewe. Kwa hesabu hiyo, gari linaweza kufika Kampala likiwa na miaka 14, kisha likatumika hapa miaka mingine 10 bila kuvunja sheria yoyote.

Kilomita huenda zikawa chache, na odomita nayo ikawa imerudishwa nyuma. Mpira haurudishwi nyuma. Gasketi ya kifuniko cha valvu, mipira ya rejeta, sili za shafti na ngozi ya nyaya hukakamaa kwa joto na kwa miaka, gari liwe limetembea sana au kidogo. Harufu nyingi za kuungua katika magari haya huanzia hapo: kitu kilichokuwa kimezuiwa na mpira laini sasa kinapita.

Oili juu ya ekzosi

Chanzo kinachopatikana zaidi ni oili ya injini inayodondokea mahali pa moto. Mabomba ya ekzosi yaliyofungwa kwenye injini hufikia nyuzi mamia kadhaa za Selsiasi gari likipanda likiwa na mzigo. Tone moja la oili linatosha kutoa moshi wa bluu hafifu na harufu nzito, ya kukereketa koo.

Njia ya kuitambua ni wakati inapotokea. Gari likiwa linakimbia, upepo huupeleka moshi nyuma na ndani hakusikiki kitu. Likisimama kwenye taa baada ya kupanda, moshi huinuka chini ya boneti na kuingia kwenye matundu yale yale ya kioo cha mbele. Harufu inayokuja baada ya kusimama, ikakaa kidogo, ikapotea gari likiondoka, kwa kawaida ni ya oili.

Subaru, gari linalopendwa sana na vijana wa Kampala wanaofuata mbio za magari, hulipata tatizo hili kwa sababu ya umbo la injini yake. Silinda zake zimelala ubavu, hivyo vifuniko vya valvu viko pembeni na ekzosi iko chini yake moja kwa moja. Gasketi ikichoka, oili haina safari ndefu. Katika injini zilizosimama wima, oili huteremka ukutani mwa injini kwanza, ikakusanya vumbi jekundu la barabara na kufanya tope jeusi, na wakati mwingine inachukua miezi kabla ya kufika kwenye ekzosi.

Anayedhani ni jambo dogo anaweza kutazama kilichoipata General Motors. Mwaka 2015 kampuni hiyo iliyaita tena magari yapatayo milioni 1.4 ya miaka ya 1997 hadi 2004, yenye injini ya lita 3.8, kwa sababu oili ilikuwa ikidondokea ekzosi dereva anapofunga breki kwa nguvu, na magari yakashika moto. Zaidi ya magari 1,300 yalikuwa yameungua baada ya kutengenezwa katika miito iliyotangulia. Chanzo kilikuwa gasketi ya kifuniko cha valvu: kipande cha bei nafuu, na kazi ambayo fundi mzoefu huimaliza asubuhi moja.

Mitaani dawa ya haraka ni silikoni. Hupakwa juu ya gasketi iliyokufa, kifuniko kikarudishwa, na kwa wiki chache oili hutulia. Silikoni ina mahali pake pa halali, hasa kwenye pembe ambako watengenezaji wenyewe huagiza ipakwe kidogo. Ikimwagwa kuzunguka kifuniko chote, vipande vyake hujitenga, vikaingia ndani ya injini na kuziba chujio la pampu ya oili. Harufu imeondoka, injini inakaribia kufa.

Kuna pia harufu isiyo ya ugonjwa. Gari likitoka kubadilishwa oili, iliyomwagika kwenye ekzosi huungua siku moja au mbili kisha ikaisha. Isipoisha, pa kutazama kwanza ni chujio jipya: mara kadhaa pete ya mpira ya chujio la zamani hubaki imenata kwenye injini, jipya likafungwa juu yake, na pete mbili hazizibi.

Harufu tamu, na maji yanayochemka mapema

Harufu tamu, ya sharubati iliyoungua, ni ya kulanti. Glaikoli iliyomo ndiyo inayonukia hivyo inapogusa chuma cha moto. Ikisikika nje, karibu na rejeta, kuna mpira au kiungo kinachovuja. Ikisikika ndani, zulia la upande wa abiria likawa na unyevu na kioo cha mbele kikashika ukungu wenye mafuta, kirejeta kidogo cha kupasha joto kilicho nyuma ya dashibodi kimetoboka.

Tatizo ni kwamba magari mengi ya Kampala hayana kulanti ya kunukia. Yana maji ya bomba. Jiji liko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mfuniko wa rejeta, unaoshikilia shinikizo na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 15. Sili ya mfuniko ikichoka, faida hiyo hupotea, na gari lililokuwa likienda salama tambarare huchemsha mlimani. Fundi hununua rejeta ya mtumba katika soko la Kisekka, kumbe mfuniko ndio uliotakiwa kubadilishwa.

Maji matupu pia huleta kutu, kutu huziba njia nyembamba za rejeta, na injini inayochemsha mara kwa mara huunguza gasketi ya kichwa. Harufu ya hapo ni ya rangi na mpira vinavyopikwa kwa pamoja, sindano ya joto ikiwa imeshapita katikati. Mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto; mvuke wake huchubua uso.

Breki, klachi na kaveera

Harufu kali, kavu, inayochoma pua, inayofanana na ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi, hutoka kwenye breki au klachi. Kutofautisha ni rahisi. Klachi hunuka dereva anapolishikilia gari mlimani kwa mguu nusu badala ya kuvuta hendibreki, jambo linaloonekana kila penye foleni na mteremko. Breki hunuka baada ya kushuka, au kaliper ikikwama na pedi kubaki imeibana diski muda wote. Baada ya mwendo mfupi bila kufunga breki sana, mkono husogezwa karibu na rimu za magurudumu manne bila kuzigusa. Rimu moja ikiwa na joto kuliko nyingine zote, hiyo ndiyo yenye tatizo.

Joto hilo haliishii kwenye pedi. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na kipimo cha yale yaliyolowa ni nyuzi 140 tu. Yakichemka, pedali hushuka hadi sakafuni.

Harufu ya mpira huenda na sauti: mkanda unaoteleza hulia, na mkanda unaopita juu ya puli iliyogoma hulia kisha hukatika. Ya plastiki iliyoyeyuka, isiyo na sauti wala dalili nyingine, mara nyingi ni kaveera (mfuko wa plastiki) iliyookotwa barabarani na kunata kwenye ekzosi. Uganda ilipiga marufuku mifuko hiyo myembamba mwaka 2009. Ekzosi za Kampala bado huikusanya. Gari lililoegeshwa wiki nzima nalo linaweza kuwa limehamiwa na panya, na nyasi za kiota juu ya injini hunuka moto wa shamba. Panya huyo kwa kawaida ameshaonja na nyaya.

> Harufu ya oili humpa dereva siku kadhaa. Harufu ya waya inaweza isimpe dakika kumi.

Waya haungui mahali penye nguvu, huungua penye udhaifu

Umeme ndio unaostahili woga. Harufu yake ni ya plastiki chungu, na plagi za plastiki ngumu zikipata joto hutoa harufu ya samaki hata pasipo samaki karibu. Husikika ndani, wakati mwingine injini ikiwa haijawashwa, na haifuati mlima wala mwendo. Hufuata swichi: huja taa zikiwashwa, feni ikiwekwa juu, au redio ikipandishwa sauti.

Maelezo yake ni ya fizikia ya sekondari. Joto linalozalishwa kwenye kiungo hukua kwa mraba wa mkondo unaopita. Balbu ya kawaida ya taa kubwa, wati 55 kwa volti 12, huvuta ampea 4.6. Balbu ya wati 100, inayouzwa kwa wanaotaka mwanga mkali zaidi, huvuta ampea 8.3. Mkondo haujafika mara mbili, lakini joto kwenye plagi ya balbu limezidi mara tatu. Plagi hiyo ilibuniwa kwa balbu ya kwanza, na kutu ya miaka 20 imeshaipunguzia uwezo. Hugeuka kahawia, kisha hulainika, kisha huyeyuka.

Fyuzi ingepaswa kukata, lakini mara nyingi haikati, kwa kuwa mkondo bado uko chini ya kiwango chake. Kinachoungua ni kiungo kibovu. Na pale inapokata, kuna anayeiondoa. Fyuzi nyekundu ya ampea 10 hubadilishwa kwa ya kijani ya 30, au hufungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Tangu hapo kinachokatika kwanza ni waya wenyewe, ndani ya zulia, karibu na sponji ya kiti.

Feni ya hewa ni mfano mwingine unaojirudia. Ikifanya kazi kwenye mwendo wa juu kabisa tu na kukataa miendo ya chini, rezista yake imeungua. Sababu kwa kawaida ni feni yenyewe kuwa nzito kuzunguka na kuvuta umeme mwingi, kwa hiyo rezista mpya pekee haitadumu. Zaidi ya hapo kuna vitu vilivyoongezwa: kengele ya wizi, kifuatiliaji, spika kubwa, taa za ukungu. Kila kimoja kilifungwa na mtu tofauti, kwa nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kufunikwa kwa utepe. Fundi umeme makini huanza na hivyo kabla ya kugusa nyaya za kiwandani, na mara nyingi haendi mbali zaidi.

Mita ya bei nafuu humaliza ubishi. Taa zikiwa zinawaka, ncha mbili huwekwa pande mbili za kiungo kimoja. Kiungo kizima huonyesha volti karibu na sifuri; kikionyesha nusu volti au zaidi, hapo ndipo joto linapotengenezwa. Mita hiyo hiyo ikiwekwa kwenye betri injini ikinguruma inapaswa kusoma kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikipita 15, alteneta inachaji kupita kiasi, na harufu ya mayai viza inayosikika inatoka kwenye betri.

Pua dhidi ya kompyuta

Mafundi wenyewe hawakubaliani waanzie wapi. Wa gereji za wazi, waliojifunza kazi kwa kukaa chini ya magari, huamini pua, kiganja na tochi. Wenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari huichomeka kabla ya kufungua boneti, na wateja wengi huiona ndiyo ya kisasa.

Mashine ina uwezo wake. Marekani ililazimisha soketi na lugha moja ya uchunguzi kwa magari mapya kuanzia mwaka 1996, na faida yake imeenea. Silinda moja ikikosa kuwasha, petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani ya kichujio cha ekzosi, ambacho hupanda joto hadi kuwa chekundu. Hilo kompyuta huliona, na pua ingeweza kulidhania oili. Lakini Toyota nyingi za miaka ya 1990 zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hazisomeki kwa mashine za bei rahisi. Kubwa zaidi, hakuna kihisio kinachojua kwamba oili inadondoka, breki imekwama au plagi ya taa inayeyuka. Kwa harufu, jibu la "hakuna kosa" kwenye skrini halithibitishi lolote, na fundi anayemrudishia mteja gari kwa jibu hilo hajafanya kazi.

Kati yao wamesimama wenye magari, hasa wa teksi za abiria 14. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, hivyo dereva huisikia harufu kabla ya mtu yeyote, lakini siku moja gereji ni siku bila mapato. Serikali nayo ilijaribu njia ya ukaguzi wa lazima mwaka 2016, kupitia kampuni ya SGS. Mpango ukapingwa bungeni na kusimamishwa. Ukaguzi wa aina hiyo hupima breki, taa na moshi. Ungeyanasa magari yenye kaliper zilizokwama. Waya uliosokotwa nyuma ya redio ungeupita.

Harufu inayokuja pamoja na moshi

Harufu ya ekzosi ndani ya gari, hata kama haina ukali wa kuungua, haivumiliwi. Pamoja nayo huingia kaboni monoksaidi, isiyo na harufu yake yenyewe, ambayo huleta kichwa kuuma, usingizi na kifo. Bomba lililotoboka chini ya sakafu au sili ya mlango wa nyuma iliyopasuka vinatosha. Petroli mbichi nayo hainuki kuungua, lakini ikisikika pamoja na harufu yoyote ya moto, injini huzimwa hapo hapo.

Moshi ukionekana, gari huegeshwa pembeni, swichi huzimwa ili pampu ya petroli isimame, na watu wote hushuka na kusogea mbali. Boneti haifunguliwi wazi, kwa sababu hewa inayoingia ghafla hukuza moto. Kizima moto cha unga huelekezwa kwenye upenyo wake ukiachwa wazi kidogo tu. Kikosi cha zimamoto nchini Uganda kiko chini ya polisi, na huitwa kwa 999 au 112.

Baada ya kutengeneza

Gasketi mpya haiondoi harufu siku hiyo. Oili ya zamani iliyonata kwenye ekzosi na kwenye kitambaa kinachozuia joto huendelea kuungua, na mteja hurudi gereji akidai ameibiwa. Fundi mwangalifu huosha injini ikiwa baridi, akifunika alteneta na kasha la fyuzi, kisha hulijaribu gari likiwa na mzigo, kwa kuwa injini inayonguruma uwanjani haipati joto la kutosha kuonyesha chochote. Usiku huo kadibodi safi hutandazwa chini. Asubuhi rangi ya tone husema lilikotoka: jeusi au kahawia ni oili ya injini, jekundu ni mafuta ya gia au kulanti ya Toyota, la kijani ni kulanti nyingine, na lenye umanjano hafifu karibu na gurudumu ni mafuta ya breki. Kadibodi ikiwa kavu na harufu ikawa bado ipo, kinachofuata ni mita na nyaya.